Mama Ana na Nyumba ya Magurudumu

Wiki tatu baada ya kumzika Da Tatu, mume wangu Hamisi alinieleza jambo alilokuwa amelificha tangu kabla hatujaoana. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi nimeketi kwenye mbuzi uani kwetu, Bagamoyo, nakuna nazi, na yeye ndiyo kwanza anatoka sokoni na changu wawili kikapuni. Kikapu hakukiweka chini. Alisimama palepale mlangoni akasema, "Mama Zuhura, yule Mama Ana hakumkimbia mumewe. Alikuwa anaumwa. Aliniambia mwenyewe garini, na mimi nikamshusha Msata." Nilimuuliza Mama Ana yupi, ingawa maishani mwangu nimemjua Mama Ana mmoja tu. Mkono wangu uliendelea kukuna, na niliposhtuka kidole kilikuwa kimeshapita kwenye meno ya mbuzi na nazi yote imeingia damu. Hamisi alitaka kunishika mkono, nikamwambia asinisogelee. Ninaandika haya kwa sababu nilidhani mwaka ule wa Mama Ana ninaujua. Nimewasimulia wanangu, nimewasimulia wanawake wenzangu kwenye shughuli, na kila nilipousimulia nilikuwa nasema uongo bila kujua.

Da Tatu ndiye aliyenipeleka kule. Alikuwa mpishi mkuu wa kambi ya wageni iliyokuwa juu ya korongo la Wami. Ukitoka Msata unakwenda kaskazini, kabla hujafika darajani unakata kulia, kisha unafuata njia ya vumbi kama saa nzima. Mto pale umechimba chini sana, kuta za udongo mwekundu na mawe zimesimama pande zote mbili, na ukiwa juu unawaona viboko wadogo kama mawe meusi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeachika, na sijui kupika kitu chochote cha wageni. Da Tatu alinitazama mikono akasema, "Huyu ataweza. Ana kucha za mtu anayefanya kazi." Jiko letu lilikuwa la makuti, limeinuliwa kwa mawe, upande mmoja wazi kuelekea kwenye uwanja wa mahema. Humo ndimo nilimojifunzia kuoka mkate kwenye sufuria, kusema Kiingereza cha "more tea" na "mind your head", na kutofautisha wageni kwa namna walivyofika. Wa malori makubwa walikuwa vijana, wanalala siku mbili na kuondoka. Wa mahema walikuwa wapiga picha. Na walikuwapo wachache waliokuja na nyumba zao wenyewe, yale magari marefu yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambayo sisi tuliyaita nyumba za magurudumu.

Mama Ana aliingia na nyumba ya magurudumu mwanzoni mwa kiangazi, akiwa ameshika usukani mwenyewe. Tulitoka jikoni kutazama. Tulitegemea mzungu kama wazungu wengine, na alishuka mwanamke wa miaka sabini na kitu, kitenge kiunoni, akaja mpaka mlangoni kwetu akasema, "Hodi wenyewe!" Da Tatu alishtuka mpaka akaangusha mwiko. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kizito kidogo kwenye herufi fulani. Alitueleza kwamba yeye na mumewe walikuwa walimu pande hizi walipokuwa vijana, na kwamba binti yao, Ana, alizaliwa hapa akakaa mpaka alipofika miaka minane. "Mume wangu anasahau," alisema. "Ulaya amesahau nyumba yetu, amesahau jirani, wakati mwingine ananisahau mimi. Nikafikiri labda huku atakumbuka." Aliomba nafasi ya kuegesha gari chini ya mgunga ulio karibu na jiko. Alisema atakaa mwezi mmoja. Alikaa saba.

Mumewe tulimwita Mzee Pita. Alikuwa mrefu, mweupe wa nywele, nguo zimepigwa pasi kila siku hata pale vumbini, na ni kweli alikumbuka, ila alikumbuka kwa namna yake. Asubuhi alisahau lugha yao kabisa akasema Kiswahili tu. Alikuja jikoni saa mbili, akasimama mlangoni, na sisi ilitubidi tunyamaze, tuoshe mikono na kumwonyesha, mbele na nyuma, kwa sababu tulikuwa wanafunzi wake wa darasa la tatu. "Shikamoo mwalimu," tunasema wote. "Marahaba watoto. Kaeni." Da Tatu, mwanamke wa miaka hamsini mwenye wajukuu, alikuwa anakaa. Mimi nilipewa jina la Hadija, sijui Hadija alikuwa nani, na kila siku niliulizwa kama mama yangu amepona. Nilijibu kwamba amepona. Alifurahi kila siku upya.

Ndani ya gari lao niliingia mara nyingi kupeleka chakula. Palikuwa padogo lakini kila kitu kimepata mahali pake: vikombe vimening'inizwa kwenye kulabu, kitanda kimetandikwa shuka la maua, pazia la kitenge dirishani, na juu ya meza ndogo bakuli nne za plastiki za rangi mbalimbali, ambamo Mama Ana alipanga dawa za mumewe. Chakula alichokipenda mwanzoni kilikuwa mchicha wa nazi na wali, na bokoboko siku tukipata nyama nzuri. Baadaye aliomba uji. Halafu uji bila sukari. Halafu nusu kikombe. Nilimchukulia kama mzee anayepungukiwa hamu ya kula kwa ajili ya joto. Mara mbili nilimkuta ameegemea mlango wa gari, kiganja amekibana ubavuni, na mara zote mbili alinyooka haraka akaniuliza habari za nyumbani. Leo nayaona haya yote. Wakati ule niliyaona vilevile, kwa macho haya haya, nikayapita.

Kitu nilichokishika ni kingine. Alasiri moja nilikuwa napeleka chai. Dirisha la gari lilikuwa wazi. Mzee Pita alikuwa analia kwa sababu hakuijua nyumba aliyokuwemo, na Mama Ana, ambaye siku zote alimsemesha polepole kama anabembeleza mtoto mchanga, nilimsikia akisema kwa Kiswahili, lugha ambayo mumewe angeielewa, "Nimechoka, Pita. Wallahi nimechoka na wewe. Natamani kuondoka." Sauti yake ilikuwa kavu. Niliweka trei chini kwenye majani nikarudi jikoni. Sikumwambia mtu siku ile. Ningekuwa na busara, nisingemwambia mtu milele.

Siku aliyoondoka ilikuwa Jumanne, mvua za vuli zikiwa zinaishia. Alikuja jikoni amevaa gauni la safari na mkoba begani. "Saumu," aliniambia, "nina shughuli kidogo Dar. Ijumaa nitarudi. Dawa nimezipanga. Mpe chakula chake, na asitoke peke yake kwenda ukingoni." Hamisi alikuwa dereva wa kambi, siku ile alikuwa anakwenda Msata kupokea wageni waliokuja na basi. Nilimsindikiza mama yule mpaka kwenye gari. Alipanda kwa shida, nikamsukuma kidogo mgongoni, na nilihisi mifupa chini ya gauni kama chelewa za ufagio. Tulicheka wote wawili kwa jinsi nilivyomsukuma. Hamisi alirudi mchana na wageni wanne, akanikabidhi masanduku yao.

Ijumaa ilipita. Jumamosi meneja alisema tusubiri. Jumapili Mzee Pita alikuwa ameshauliza mara nyingi Mama Ana yuko wapi, na kila nilipomjibu kwamba amekwenda sokoni alisema, "Ahaa, vizuri," akakaa, kisha baada ya muda mfupi akauliza tena kwa hofu ileile. Jumatatu, tukiwa jikoni wote, meneja yumo, wapagazi wamo, Hamisi amesimama mlangoni, niliropoka. Nilisema, "Yule harudi. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu, dirishani, anamwambia mumewe amemchoka na anatamani kuondoka." Kila mtu akasema lake. Meneja alipiga meza kwa ngumi. Wapagazi walisema wazungu hawana haya. Kwetu sisi, kumtupa mume mgonjwa porini, katikati ya watu baki, juu ya ukingo wa korongo, lilikuwa jambo ambalo hata kulisikia tu lilitutisha. Hasira ilinipanda, na nikiri, hasira ile ilikuwa tamu. Da Tatu peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka. "Mwanamke anayekimbia hapangi dawa bakuli nne mpaka Ijumaa," alisema. "Nyinyi mnamjua kwa dirisha." Nilimjibu kwamba alizipanga ili moyo wake usimsute njiani. Da Tatu hakuniongelesha siku mbili.

Tukabaki na Mzee Pita. Meneja hakutaka polisi waje haraka, kwa kuogopa jina la kambi, akawa anapiga simu ofisi moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nilipomjua Hamisi. Hakuna aliyemtuma. Alikata miti akajenga ua wa kamba na miiba kando ya ukingo, hatua mia nzima. Asubuhi alimwogesha mzee, akamnyoa, akampigia pasi suruali kwa pasi ya mkaa. Alikula naye sahani moja. Siku moja, saa sita mchana, nilisikia wapagazi wanapiga kelele, nikatoka mbio na mikono yangu ya unga. Mzee Pita alikuwa ameshaupita ua. Amesimama pale udongo unapomeguka, viatu vyake nusu viko hewani, anatazama chini mtoni na kuita, "Ana! Ana, toka majini!" Kila mtu aliganda. Ukimkimbilia atageuka aanguke. Hamisi alisogea mpaka kwenye miiba, akasimama wima, mikono ubavuni, akasema kwa sauti ya darasani, "Shikamoo mwalimu!" Mzee alinyamaza. Mwalimu akiamkiwa hawezi kutoitika. Aligeuka taratibu, mguu, kisha mguu wa pili. "Marahaba." "Mwalimu, hesabu ya jana sijaielewa." "Ipi?" alisema mzee kwa ukali kidogo, na akaja, hatua kwa hatua, mpaka Hamisi akamshika mkono. Udongo aliokuwa amesimama juu yake uliporomoka baadaye mchana huohuo. Tuliusikia ukiingia mtoni. Nilikaa chini palepale na kulia, na katika kilio kile nilisema moyoni mwangu kwamba mwanamume huyu, akiniposa, sitauliza kitu kingine.

Siku ya kumi na mbili polisi walikuja. Mama Ana alikuwa amekufa siku ileile aliyoondoka. Alifia ndani ya basi, hata Chalinze hawajafika. Abiria walidhani amelala. Walimshusha hospitali bila kujua ni nani, kwa sababu katika mshikemshike ule mkoba wake ulibaki kwenye basi ukafika Dar, ukakaa ofisini kwa wenye basi mpaka mtu alipoufungua. Ndani mlikuwa na gauni moja, pasipoti yake na picha ya mumewe. Nilisikia neno pasipoti nikajua nilikuwa nimesema kweli: alikuwa anakwenda kiwanja cha ndege. Wote tulijua. Mmoja wa wapagazi alisema Mungu hakumchelewesha, na hakuna aliyemkemea. Da Tatu alifunika uso kwa kanga. Hamisi alitoka nje. Nilimwona kwa mbali amechuchumaa nyuma ya gari lao, nikadhani anamlilia mzee.

Ana alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha mtoto wa miaka minane. "Mimi nataka kujua," aliniambia, tumekaa ndani ya gari la wazazi wake, vikombe vinaning'inia juu yetu. "Mama alikwenda wapi?" Na mimi nilimwambia. Nilimrudishia yale maneno ya dirishani moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha amana. Alinishukuru. Alisema, "Mimi na mama tuligombana kwa simu. Mimi nilisema, peleka baba nyumba ya wazee. Yeye alisema, hapana. Sasa, kumbe alichoka." Alimchukua baba yake, akaacha gari. Alipomuaga Hamisi alimkumbatia mbele ya watu wote, akamwita kaka. Mzee Pita aliishi miaka mitatu zaidi, na kila Idi, mpaka leo, Ana hupiga simu kutusalimu, na hutaka kwanza kusikia sauti ya Hamisi. Tangu siku ile hajawahi kumtaja mama yake. Sisi tulioana baada ya masika. Kambi ilifungwa, tukarudi Bagamoyo, tukapata watoto watatu.

Sasa turudi uani. Nilifunga kidole kwa kitambaa nikamwambia Hamisi akae aseme yote. Alisema njiani Mama Ana alikuwa anatoka jasho na hawezi kuegemea kiti. Alimwambia ana uvimbe ubavuni, anautambua tangu Ulaya, na siku zile umekuwa mbaya. Anakwenda hospitali wampe dawa ya maumivu, pasipoti amechukua kwa sababu wataiomba. Hakutaka meneja ajue, angewaambia waondoke. Walipofika Msata aliomba, "Hamisi, basi siliwezi. Nipeleke Bagamoyo hospitali." Barabara ya Bagamoyo wakati ule ilikuwa mashimo matupu, kwenda na kurudi ni siku nzima, na wageni wanne walikuwa wameshashuka wanasubiri. "Nilimwambia kwamba meneja atanifukuza," alisema mume wangu. "Akasema, haya baba. Nikamkalisha kwenye benchi la muuza chai, nikamkabidhi kwa kondakta wa basi la Dar. Kwenye kioo nilimwona ameinama mpaka kichwa kimegusa magoti. Sikusimama."

"Mbona hukusema?"

"Nilisubiri Ijumaa. Nikasema akirudi, yamekwisha. Halafu Jumatatu ile nilikuja jikoni kusema, Saumu. Nilikuwa mlangoni. Wewe ukaanza."

Miaka mingi hajaniita Saumu. Nilitaka kumpiga na nilitaka kujificha. Tulikuwa watu wawili tuliojua nusu nusu: yeye alikuwa na ukweli hakuutoa, mimi nilikuwa na neno moja la mtu aliyeelemewa, nikaligawa kama halua. Nilimuuliza kitu ambacho hadi sasa naona aibu kukiandika. Nilimuuliza kama ule ua, kumnyoa mzee, na siku ile ukingoni, vyote vilikuwa kwa sababu hiyo.

"Mwanzo, ndiyo," alisema.

Siku tatu nilipika na kupakua bila kumsemesha. Nililitazama lile neno "mwanzo" pande zote. Nilimkumbuka Da Tatu, ambaye kitandani hospitali, wiki ile ya mwisho, alimshika Hamisi mkono akasema tena, baada ya miaka yote, kwamba yule mama alisingiziwa; na Hamisi alitoka nje ya wodi akatapika, mimi nikasema ni harufu ya dawa. Siku ya nne nilichukua simu nikaiweka mezani. Hamisi alisema, "Atatuchukia." Nikamwambia basi atuchukie.

Ana aliitika haraka, ameshtuka kwa sababu si Idi. Nilianza mimi. Nilimwambia kwamba maneno ya dirishani mama yake aliyasema siku moja tu, katika miezi saba, akiwa amebanwa na maumivu, na mimi niliyafanya kuwa safari yake. Kisha Hamisi akasogea, akaeleza yote, gari, jasho, Msata, benchi. Alieleza polepole kwa maneno mepesi ili afahamike.

"Hakwenda kiwanja cha ndege," alisema Ana.

"Hapana," alisema Hamisi.

"Alikwenda hospitali. Ili arudi."

"Ndiyo. Nisamehe, dada."

Nilimsikia akipumua kwa nguvu, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, mbali kabisa. Nilingoja matusi. Aliuliza, kwa kile Kiswahili chake cha utotoni, "Kaka Hamisi, mama alisema nini mwisho? Sema kama yeye. Vilevile."

Hamisi alifuta uso kwa kiganja. "Aliposhuka aliniambia, 'Usimwambie Pita naumwa. Atalia, halafu atasahau kwa nini analia, na hutajua umwambie nini.'"

Sauti iliyotoka kwenye simu sikuijua kwanza kama ni kicheko au kilio. "Huyo mama," alisema Ana. "Huyo ni mama yangu kabisa." Kisha akasema, "Tena."

Na Hamisi akarudia.